Sanaa ya watoto wadogo nyumbani bila kuchafua chumba

Ukuta wa nyumba ya kupanga huku Pwani una maadui wawili: chumvi inayopanda na unyevu, na mtoto wa miaka miwili aliyeokota kalamu. Chumvi hailaumiwi na mtu. Mtoto ndiye anayechapwa, kwa sababu mamake anajua kwamba siku ya kuhama mwenye nyumba atakata gharama ya rangi kwenye dipositi. Basi kalamu huwekwa juu ya kabati, unga hufichwa, mtungi wa maji hufungwa, na mtoto hupewa simu ili atulie.

Hali hiyo inaeleweka. Familia nyingi Mtwapa, Mariakani na mitaa ya Malindi huishi katika chumba kimoja chenye kitanda, jiko, nguo na vyombo vyote vya nyumba. Maji ya mfereji yakikatika, kila mtungi wa lita 20 hununuliwa na kubebwa, na hakuna mzazi atakayekubali kumaliza mitungi miwili akifua shuka iliyomwagikiwa rangi. Ushauri wa malezi unaosema tu kwamba mtoto aachwe achezee rangi haujafikiria maji ya kumsafisha yatatoka wapi.

Makala haya yanaeleza michezo ya sanaa ambayo mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anaweza kuifanya ndani ya chumba kama hicho, kwa vitu ambavyo aghalabu vimo nyumbani, na ikiisha mzazi ahitaji kitambaa kimoja kibichi tu.

Mkono hujengeka kabla ya shule

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Lakini mtoto huingia darasa la PP1 akiwa na miaka minne. Kabla ya hapo mwalimu wake ni yule anayeshinda naye: mama, baba, nyanya, yaya au jirani anayelea watoto wa wengine mchana. Kazi kubwa ya mkono hufanyika katika miaka hiyo.

Mtoto wa takriban mwaka mmoja huanza kuokota vitu vidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Akikaribia mwaka mmoja na nusu huweza kushika kalamu kwa ngumi na kukwaruza karatasi. Akifika miaka miwili na kuonyeshwa mstari wa kusimama, hujaribu kuuiga, na kufikia miaka mitatu wengi huweza kunakili duara. Hatua hizo hazifuati kalenda. Mmoja hutangulia, mwingine huchelewa miezi kadhaa, na baadaye wote wakawa sawa. Wanachohitaji ni nafasi ya kukwaruza, kubana, kuvuta, kuchana na kutumbukiza. Misuli inayominya donge la unga leo ndiyo itakayofunga vifungo vya shati la shule na kushika penseli bila kuchoka.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hulianza mwisho. Mtoto wa miaka miwili na nusu hununuliwa daftari la mistari, akashikwa mkono aandike a, e, i, o, u, kwa sababu mtoto wa jirani anaandika. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono na misuli ya vidole vyake bado haijakomaa kwa kazi hiyo. Mkono huuma, mama hukasirika, na mtoto hujifunza kwamba kalamu ni adhabu. Hata mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, umetenga eneo zima la shughuli za ubunifu kwa watoto wa PP1 na PP2, ambao ni wakubwa kuliko hawa tunaowazungumzia. Herufi zitapata wakati wake. Kukwaruza ndiko kunakotangulia.

Kuhusu simu, mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Aprili 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mama anayepika, kufua na kuuza mboga kwa wakati mmoja ataisoma sentensi hiyo na kucheka. Lakini mtoto huyo huyo akipewa kazi ya mikono kwa dakika kumi, sufuria ya ugali huwa imeshaepuliwa.

Leso moja, dakika kumi

Njia rahisi ya kuzuia uchafu ni kuuwekea mpaka. Leso kuukuu hutandikwa sakafuni, mahali pamoja kila siku, na mtoto huelezwa kwamba kazi inafanyika juu ya leso. Leso ikikunjwa, kazi imekwisha. Watoto wa umri huu huelewa mpaka wanaouona kwa macho kuliko maneno ya "usichafue". Siku mbili tatu za kwanza atatoka nje ya leso, naye arudishwe bila ugomvi. Baada ya wiki moja wengi huenda kukaa juu yake wenyewe wakiiona imetandikwa.

Saa nzuri ni jioni kabla ya kuoga. Joto la Pwani linaruhusu mtoto kubaki na nepi au chupi tu, kwa hiyo hakuna nguo ya kufua, na chochote kitakachomgusa mwilini kitaondoka na maji yale yale ya kuoga ambayo yangetumika hata hivyo. Kitambaa kibichi kiwe karibu kabla ya kuanza. Mzazi anayeinuka kukitafuta baada ya mikono kuchafuka atakikuta kiti, mlango na shavu la kaka yake vimeshapakwa.

Muda usimtie mzazi hofu. Mtoto wa miaka miwili akikaa na kazi moja dakika tano amejitahidi, na kumi ni nyingi. Akiondoka, aachwe aende.

Maji badala ya rangi

Mchezo usio na uchafu hata kidogo ni kupaka rangi kwa maji matupu. Maji ya kujaa kifuniko cha kopo la siagi yanatosha. Mtoto huchovya brashi na kupaka sakafu ya simiti nje ya mlango, ukuta wa mawe usio na rangi, au jiwe la barazani. Simiti kavu huwa nyeusi inapolowa, kwa hiyo mstari huonekana wazi, na jua la saa tisa huufuta kabla hajamaliza wa pili. Kufutika huko ndiko kunakowavutia. Watoto hupaka mahali hapo hapo mara kumi na kuangalia mstari ukitoweka.

Brashi si lazima inunuliwe. Kaloleni na Rabai hakuna uhaba wa makumbi. Kipande cha kumbi la nazi chenye urefu wa kiganja kikipondwapondwa ncha moja kwa jiwe, nyuzi hutawanyika na kuwa brashi nene inayojaa kwenye ngumi ya mtoto. Kijiti cha mswaki kilichotafunwa na kuoshwa hufaa kwa mistari myembamba, ila kikatwe kifupi na mtoto akitumie akiwa amekaa, asitembee nacho mdomoni. Kitambaa kilichofungwa kwenye fundo hufanya alama za duara. Mtoto wa mwaka mmoja hahitaji chochote kati ya hivyo, kwani vidole vyake vinamtosha.

Onyo moja hapa halina mjadala. Maji yawe ya kifuniko, yasiwe ya ndoo wala beseni. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika sentimita chache za maji akiangukia kichwa, na huzama kimya bila kupiga kelele. Ndoo iliyobaki na maji ya kufulia imwagwe au ifunikwe kabla mchezo haujaanza.

Chaki, mlango wa chuma na pakiti ya unga

Nyumba nyingi za kupanga zina milango ya chuma iliyopakwa rangi ya mafuta. Mlango huo ukifunguliwa mchana ni ubao mzuri kuliko ule wa darasani. Chaki huandika juu yake na hufutika kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Mtoto husimama, na kuchora akiwa amesimama mbele ya kitu kilicho wima kuna faida yake: bega na kifundo cha mkono hufanya kazi pamoja, jambo ambalo mtoto aliyeinama juu ya meza halipati. Mzazi ajaribu kwanza kwenye kona moja ya chini, kwa sababu rangi iliyochakaa na kuwa ya ungaunga hushika chaki na haifutiki vizuri. Na mlango wenye rangi inayobanduka usitumike kabisa. Magamba ya rangi ya zamani yanaweza kuwa na madini ya risasi, na mtoto huyapeleka mdomoni.

Karatasi za kuchorea nazo zipo nyingi nyumbani. Pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ikikung'utwa na kupasuliwa upande mmoja hutoa ukurasa mpana na mgumu usiochanika kwa urahisi. Kalenda ya mwaka jana ina miezi 12 ya karatasi nzuri nyuma ya picha. Mfuko wa simiti, hata uwe mkubwa na wa kuvutia namna gani, usitumike, kwani vumbi linalobaki ndani yake huunguza ngozi na macho. Karatasi ibandikwe sakafuni kwa seluotepu pembe zote nne. Mtoto akikwaruza kwenye karatasi inayoteleza huishikilia kwa mkono mmoja, akashindwa, akahamia ukutani. Sehemu kubwa ya michoro ya ukutani huanzia hapo.

Krayoni nene za nta ni bora kuliko kalamu za wino, ambazo zikifika kwenye foronya hazitoki. Mtoto apewe moja au mbili, asipewe pakiti nzima. Akiwa na rangi 12 mbele yake ataishia kuzimwaga na kuzirudisha. Krayoni iliyokatika vipande vidogo itupwe.

Donge la unga

Katika nyumba ambayo chapati hupikwa, mtoto hahitaji udongo wa kuchezea wa dukani. Wakati unga unakandwa, donge la ukubwa wa limau hutengwa, likapakwa mafuta kidogo lisinate, na kuwekwa juu ya sinia mbele yake. Ataliminya, atalitoboa kwa kidole, atachana vipande, atavipanga. Akipewa kijiko atakandamiza nacho. Kazi ikiisha, unga uliokauka kwenye sinia huachwa ukauke kabisa na kufagiwa. Kuusugua ungali mbichi ndiko kunakousambaza.

Donge linaloweza kuhifadhiwa hutengenezwa kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, maji yanayokaribia kikombe kimoja yakiongezwa kidogo kidogo, na kijiko kimoja cha mafuta. Likiwekwa kwenye chombo chenye kifuniko hukaa siku kadhaa. Likinuka au kuota ukungu, litupwe. Lakini donge hili la chumvi ni la mtoto aliyekwisha acha kula kila anachoshika. Chumvi nyingi ni hatari kwa mwili mdogo, na anayeonja kila kitu abaki na donge la chapati lisilo na chumvi.

Rangi ya kuchanganya inaweza kutoka jikoni. Maji ya bitiruti hutoa waridi, na majani ya mchicha yaliyopondwa na kukamuliwa hutoa kijani hafifu. Bizari ya manjano hupendeza kuliko zote na haifai hata kidogo, kama anavyojua kila aliyewahi kumwagia pilau kanzu nyeupe.

Wapo watakaosema unga ni chakula na hauchezewi. Ni kweli bei ya unga haichezewi, na mwezi ambao unga unapimwa kwa kikombe mchezo huu uachwe. Maji, chaki na majani havigharimu kitu kama hicho.

Seluotepu iliyogeuzwa

Gundi ndiyo adui wa nywele na mkeka. Bado mtoto anaweza kubandika picha bila gundi. Seluotepu pana hugeuzwa upande unaonata ukatazama juu, kisha ncha zake zikabandikwa mezani au kwenye kipande cha boksi kwa vipande vingine vya seluotepu. Mistari mitatu au minne ikipangwa sambamba hutengeneza uwanja unaonata. Mtoto huokota jani na kulibandika, huchukua jingine, na kila kinachogusa hapo hushika. Hakuna kinachomwagika. Ikiisha, karatasi huwekwa juu yake na picha hubaki.

Kwa kazi hii matembezi ya dakika tano nje ya nyumba hutosha: vijani vya mwarobaini, maua ya asmini yaliyoanguka, unyoya wa kuku uliooshwa, vipande vya milala vilivyobaki baada ya nyanya kusuka mkeka. Mzazi ndiye achague mimea. Mbegu za mbarika na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo hutungwa shanga zina sumu kali, na zikitafunwa zinaweza kuua. Maua ya oleanda, yanayopandwa kwenye bustani nyingi za mijini, yana sumu pia, na mimea ya uzio inayotoa utomvu mweupe kama maziwa huumiza macho. Haitoshi kumwambia mtoto wa miaka miwili asile. Visiletwe nyumbani.

Kutumbukiza na kutunga

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiona tundu hutaka kuingiza kitu. Kopo la plastiki lenye kifuniko kilichokatwa mwanya kama wa kibubu humshughulisha kuliko mwanasesere wa bei. Vipande vya boksi vya ukubwa wa kadi hutumbukizwa kimoja kimoja, kopo hufunguliwa, humwagwa, na kazi huanza upya. Makali ya mwanya yalainishwe kwa seluotepu.

Anayekaribia miaka mitatu anaweza kutunga. Gunzi la karatasi ya choo hukatwa mapete manne au matano, na mtoto huyapitisha kwenye kamba ya kiatu yenye ncha ngumu. Kamba isizidi sentimita 20, ili isiweze kuzunguka shingo, na ikusanywe mchezo ukiisha. Chelewa za ufagio huonekana kama kitu kizuri cha kutungia na kuchomeka kwenye tundu za chujio, ila ncha zake ni sindano. Vipande vya milala vilivyokunjwa mara mbili vinafanya kazi hiyo hiyo bila kutishia jicho.

Wazazi wanaotafuta mawazo kwenye mtandao watakutana na mchezo maarufu wa rangi ndani ya mfuko wa plastiki unaopakwa kwa vidole kutoka nje. Huku kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata ingekuwepo, plastiki laini ni hatari kwa pumzi ya mtoto. Chupa ngumu ya maji ya nusu lita inachukua nafasi yake vizuri. Huoshwa, hutiwa maji hadi nusu, mafuta ya kupikia vijiko viwili, na majani au vipande vya karatasi ya rangi. Kifuniko hukazwa na kuzungushiwa seluotepu nyingi. Mtoto huigeuza juu chini na kuangalia mafuta yakipanda. Chupa hiyo hufaa sana kwenye matatu na katika foleni ya zahanati.

Kipimo cha gunzi la karatasi ya choo

Kabla ya kumpa mtoto wa chini ya miaka mitatu kitu chochote, mzazi akipitishe ndani ya gunzi la karatasi ya choo. Kikipita, ni kidogo mno na kinaweza kukwama kooni. Kwa kipimo hicho maharagwe, punje za mahindi, njugu, vifungo, sarafu, shanga na vifuniko vya soda vyote vinakataliwa, ingawa hivyo ndivyo vitu ambavyo watu huvifikiria kwanza wanaposikia sanaa za mikono. Vikiwa ndani ya chupa iliyofungwa kwa nguvu na mtu mzima akiwa karibu, ni sawa. Nje ya chupa, hapana.

Betri ndogo za duara zinazotumika kwenye rimoti na vitu vya kuchezea vya bei nafuu ziko katika kundi la peke yake. Ikimezwa na kukwama kooni, betri hiyo huanza kuunguza nyama, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Mtoto anayedhaniwa kumeza betri apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri aonyeshe dalili.

Walezi wa mchana

Watoto wengi wa mama wanaofanya kazi hotelini, viwandani au sokoni hawashindi nyumbani. Hushinda kwa mama mmoja mtaani anayelea watano, wanane, hata zaidi, katika chumba kisicho kikubwa kuliko cha kwao. Runinga huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, na si kwa ubaya. Mikono miwili haiwatoshi watoto wanane. Mzazi anaweza kumpelekea mlezi huyo kopo la kutumbukizia, chupa mbili za mafuta na maji, na pakiti za unga zilizopasuliwa, badala ya kumlaumu. Wazazi wanne wakifanya hivyo, chumba hicho kina vifaa vya wiki nzima na gharama yake ni ndogo mno. Kutumbukiza na chupa hufaa kundi la watoto wengi. Krayoni na unga huhitaji jicho la karibu, na mlezi mwenye watoto wengi asilazimishwe.

Anayekaa na mtoto, awe mama au mlezi, asimchoree. Mtu mzima akichora gari zuri, mtoto huweka krayoni chini na kusema "chora lingine", na kazi imehamia mkono mwingine. Afadhali amtajie anachofanya kwa lugha wanayozungumza nyumbani, kiwe Kigiriama, Kichonyi au Kiswahili: "Umevuta mstari mrefu. Huu ni mwekundu. Sasa unazunguka." Maneno hayo ndiyo yatakayomsaidia darasani. Swali la "hii ni nini?" halina jibu kwa mtoto wa miaka miwili, kwa sababu mara nyingi mchoro wake si kitu. Ni mkono uliokwenda na kurudi.

Michezo hii pia humwonyesha mzazi kitu ambacho pengine asingekiona. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kufikisha mwaka mmoja na nusu, na ule mwingine akiuacha umekunjwa au umelegea, anastahili kuchunguzwa. Wengi husema tu "huyu atakuwa wa kushoto", lakini kuchagua mkono mapema hivyo kunaweza kuwa dalili ya udhaifu katika mkono wa pili. Vivyo hivyo kwa mtoto asiyefuata brashi kwa macho, anayeleta kila kitu karibu sana na uso, asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, au aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha kabisa. Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, kinachotolewa kliniki, kina sehemu ya hatua za ukuaji, nayo mara nyingi hubaki tupu kwa sababu macho yote huwa kwenye chanjo na uzani. Mzazi amwombe muuguzi waipitie pamoja. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayezuru nyumba anaweza pia kuulizwa, naye atamwelekeza kwenye kituo cha afya au kwenye vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kama EARC. Kwa misuli na macho, miezi sita ya mapema ina thamani kubwa kuliko miaka miwili ya baadaye.

Njia rahisi ya kubeba ushahidi huo ni kuandika tarehe nyuma ya mchoro mmoja kila mwezi na kuuweka ndani ya kitabu cha kliniki. Muuguzi akiona mikwaruzo ya Januari na ile ya Juni pamoja, atajua mkono umesonga mbele kiasi gani. Mzazi anayetaka kufahamu kituo cha ECDE kilicho karibu naye au siku za kliniki za watoto katika eneo lake anaweza kuuliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi.